Nenosiri la Mhadhiri na Mstari wa Pili

Natoa ushuhuda huu kama mtu aliyeanza kutunza seva enzi za telnet, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali bila usimbaji fiche. Katika chuo nilichokuwa nikifanyia kazi, mwenye programu ya kunasa data aliweza kuliona nenosiri la mhadhiri likipita mtandaoni, herufi moja baada ya nyingine, bila kifuniko chochote.

Dawa ilikuwepo, nayo ni SSH, inayosimba mawasiliano hayo, ila katika Debian, mfumo huria tuliotumia, haikukaa pamoja na programu nyingine. Marekani ilikuwa imeuingiza usimbaji fiche wenye nguvu katika orodha ya silaha. Phil Zimmermann alichunguzwa takriban miaka mitatu kwa sababu PGP, programu yake ya kusimba ujumbe aliyoitoa 1991, ilivuka mipaka. Uchunguzi ulifungwa 1996 bila mashtaka. Ndiyo maana Debian waliziweka programu za kusimba katika hifadhi ya pembeni iliyoitwa non-US, kwenye seva zilizo nje ya Marekani. Kuzipata ilibidi ufungue faili ya sources.list, uongeze mstari wa pili.

Niliukubali mpango huo. Kila nchi ina sheria zake, nikawaza, basi kila mtu achukue kinachoruhusiwa kwao.

Walionibadilisha ni watumiaji wenyewe. Mhasibu wa chuo, mwenye mishahara ya watu mkononi, hakuwahi kusikia habari za faili ile, wala hakupaswa kuisikia. Mwenye ujuzi alijikinga. Aliyehitaji kinga zaidi aliachwa wazi. Huo si usawa, hata kama sheria imefuatwa.

Januari 2000 Marekani ililegeza kanuni: msimbo chanzo uliowekwa hadharani ungeweza kusambazwa bila leseni, mradi serikali ipewe taarifa. Debian walitafuta ushauri wa wanasheria, wakatoa taarifa iliyotakiwa, na toleo la 3.0 la Julai 2002 likaja na usimbaji ndani ya hifadhi kuu. Nilipoliweka kwenye mashine mpya, SSH ilikuwa palepale na vifurushi vingine. Siku hiyo telnet niliiondoa.

Kisha mwaka 2015 ukafichuka udhaifu ulioitwa FREAK. Funguo za biti 512, zilizopunguzwa nguvu miaka ya 1990 ili kukidhi masharti ya Marekani ya usafirishaji nje, zilikuwa bado zinakubaliwa na OpenSSL, maktaba ya usimbaji inayotumiwa na programu nyingi, na mshambuliaji aliweza kuyashusha mawasiliano hadi kwenye funguo hizo. Sheria ilikwishabadilika, dosari yake ikabaki kwenye msimbo.

Sheria bado zinatofautiana. Hapa Tanzania, mwaka 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka watumiaji wa VPN, yaani mitandao binafsi iliyosimbwa, watoe taarifa. Ndugu zangu mnaoandika programu huria, zisomeni sheria hizo, mtafuteni mwanasheria mapema, toeni taarifa inayodaiwa. Lakini usimbaji fiche uwekeni ndani ya programu, tena uwe umewashwa tangu mtumiaji anapoifungua mara ya kwanza.