Niliandika "Nzima", Usiku Ukafika Haikuwaka



Ndugu yangu Muislamu, leo sikuletei kisa cha mtu mwingine. Nakuletea aibu yangu mwenyewe, kwa sababu nimeona faida utakayoipata ni kubwa kuliko haya yangu. Soma mpaka mwisho, kisha ujitazame.

Wanaonifuata siku nyingi wanajua kwamba ukiacha darsa, mkono wangu unakula kwa ufundi wa umeme. Kijijini kwetu, pwani ya Tanga, wavuvi wana boti moja ya injini waliyoichangia wenyewe. Kazi yake ni moja: mtu akichelewa baharini, boti inatoka kumtafuta. Mbele ya boti ile tulifunga kurunzi kubwa, glopu ya halojeni ya wati 100, inayotumia betri ya volti 12. Waya zake nilizitandaza mimi. Kuikagua pia ni kazi yangu, na kila nikimaliza huandika kwenye daftari la kikundi.

Jumatatu moja, msimu wa kusi, nilikwenda kuikagua. Glopu ilikuwa imetolewa ili kioo kifutwe chumvi. Nikawasha swichi, nikaweka mita pale glopu inapochomekwa. Mita ikasoma volti 12.6. Betri iliyojaa husoma hivyo hivyo. Adhuhuri ilikuwa inakaribia, nikaona hakuna haja ya kuirudisha glopu na kuiwasha. Nikachukua daftari nikaandika: "Kurunzi: nzima." Nikatia saini.

Siku tatu baadaye, baba mmoja na mwanawe wa miaka kumi na tisa walitoka na ngalawa baada ya alasiri. Magharibi haikuwarudisha. Isha tukaswali wao hawapo. Zilikuwa siku za giza, mwezi haujaandama, na upepo umekaza. Tukaingia botini watu wanne, mimi nikiwemo. Tulipofika nje ya mwamba nahodha akaniambia, "Ustadhi, washa." Nikabonyeza swichi. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya.

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, si uliandika nzima?"

Wallahi, swali lile lilikuwa zito kuliko upepo.

Tukatafuta kwa tochi za mkononi na taa za simu. Tochi ya mkononi baharini usiku inakuonyesha mkono wako na wimbi lililo mbele yako, basi. Karibu na saa sita usiku tukarudi kuchukua mafuta, na mimi nibaki na kurunzi nione ina nini.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo darsa ilipo.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuilaumu glopu. Nikaweka mpya. Haikuwaka. Nikamlaumu aliyetuuzia: "Wanatuuzia vitu vibovu hawa." Nikaangalia fyuzi, nzima. Nikailaumu betri, lakini betri ile ile ilikuwa inawasha injini bila shida. Nikamlaumu kijana anayeosha boti: "Lazima amemwagia maji." Kila mtu alipata fungu lake la lawama isipokuwa mimi. Nikatoa glopu nikapima tena. Volti 12.5. Umeme upo, glopu ni mpya, fyuzi ni nzima, na taa haiwaki. Nikakaa chini mchangani nimeishiwa.

Kijana ninayemfundisha kazi, ambaye ndiye aliyekuwa ananimulikia kwa simu, akasema, "Ustadhi, mbona unapima glopu ikiwa nje? Irudishe, washa swichi, kisha upime."

Nikairudisha. Nikapima. Chini ya volti moja.

Nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, ncha nyingine kwenye waya wa hasi pale kwenye taa, swichi ikiwa imewashwa. Waya ukiwa mzima, hapo mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ilisoma zaidi ya 11. Umeme wote ulikuwa unaishia njiani, kwenye waya wa kurudi. Tukaufuata waya ule kwa vidole mpaka chini ya kiti. Pale palikuwa na kiungo kimezungushiwa tepu nyeusi. Nikaifungua tepu. Ndani shaba ilikuwa imeliwa na chumvi, imegeuka unga wa kijani, zimebaki nyuzi mbili tatu zinazogusana.

Kiungo kile nilikifunga mimi, kwa mkono wangu, miaka miwili nyuma. Waya ulikuwa mfupi, nikaunga kwa kusokota na kuzungusha tepu, nikasema nitarudi kukichomea risasi. Sikurudi.

Labda utajiuliza: kama kiungo kilikuwa kibovu hivyo, mita ilisomaje 12.6? Jibu ni kwamba mita haiombi chochote. Inahitaji umeme kidogo mno, hata uzi mmoja wa shaba unaitosha. Lakini glopu ya wati 100 kwenye volti 12 inahitaji zaidi ya ampea 8. Ni kama bomba la maji lililoziba. Ukiweka kidole mdomoni mwa bomba utahisi presha ipo. Ukitega ndoo, haijai.

Tukakata waya, tukaukwangua mpaka shaba ikang'aa, tukaukaza kwa skrubu. Saa nane usiku kurunzi ikawaka, pwani nzima ikawa nyeupe. Tukatoka tena. Tukamulika mpaka alfajiri. Hatukuwaona.

Waliwaona wavuvi wa dagaa waliokuwa wanarudi, jua linachomoza, mbali sana na pale tulipotafuta. Mkondo ulikuwa umewachukua. Ngalawa imejaa maji, mrengu mmoja umevunjika, baba na mwana wameishikilia. Wazima. Alhamdulillaah, tena alhamdulillaah.

Jioni nikaenda nyumbani kwake. Nikamkuta amelala kibarazani kajifunika blanketi. Nikampa shikamoo, akaitikia. Nikamwambia, "Baba, nimekuja kuomba radhi. Taa ilikuwa juu yangu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Niliwaona. Usiku, kabla mkondo haujatuchukua. Niliona vitochi vyenu vinapita. Tulipiga kelele mpaka koo zikakauka. Mkapita."

Ndugu yangu, tulipita karibu nao. Kama kurunzi ingewaka safari ile ya kwanza, wangelala majumbani mwao. Yule kijana asingekesha ndani ya maji akimshika baba yake asiachie.

Watu waliokuwepo wakaniliwaza, "Ustadhi usijilaumu, ni qadar ya Allah." Ni kweli, hakuna linalotokea nje ya qadar. Lakini qadar hatukupewa ili tufunikie uzembe wetu. Allah aliwaokoa bila kurunzi yangu, na shukrani ni Zake. Saini yangu kwenye daftari inabaki pale pale, na nitaulizwa.

Nimeyatafakari haya kwa wiki kadhaa. Naomba nikuachie mambo manne.

La kwanza: usijipime bila mzigo. Wewe ni mpole, lakini nani kakuudhi leo? Wewe ni mwaminifu, lakini ni lini uliachiwa fedha za watu bila msimamizi? Unasema umemsamehe ndugu yako, lakini mko miji miwili tofauti na hamjagawana urithi. Hiyo ni mita iliyopima glopu ikiwa nje. Suratul Ankabuut inaanza kwa kuwahoji wanaodhani kusema tu kwamba wameamini kunatosha, wasijaribiwe. Mtihani ndio mzigo wenyewe. Ukikujia usikasirike haraka. Tazama kwanza umekuonyesha nini ndani yako.

La pili: kutu haipigi kelele. Hakuna siku kiungo kile kilisema "leo nimekufa". Kilikuwa kinaliwa kidogo kidogo chini ya tepu, na juu kinaonekana kimefungwa vizuri. Katika Suratul Mutwaffifiin, aya ya 14, Allah anataja namna matendo ya watu yalivyozifunika nyoyo zao, na wafasiri wengi wanaelezea mfuniko huo kwa mfano wa kutu. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Abu Hurayra (radhi za Allah ziwe juu yake), Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) anaeleza kwamba dhambi huacha nukta nyeusi moyoni, na mja akiacha, akaomba maghfira na kutubu, moyo husafishwa. Umeona? Kukwangua kupo. Lakini lazima kwanza ufungue tepu.

La tatu: anza na kiungo ulichokifunga wewe. Nilizunguka kwa glopu, kwa betri, kwa muuzaji, kwa kijana wa watu. Rejea Suratul A'raaf uone majibu mawili. Iblis alipoasi alimtupia Mola wake lawama ya kupotea kwake. Adam na Hawaa (alayhima ssalaam) walipoteleza walikiri kuwa wamejidhulumu wenyewe. Kila ugomvi wa ndoa, kila deni, kila mtoto aliyeharibika, kuna sehemu yako ya waya. Ianze hiyo.

La nne: haki ya mja haiishii kwenye istighfari peke yake. Wanazuoni wametufundisha masharti ya toba: kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorudia, na kama inahusu haki ya mtu, umwendee mwenyewe umrudishie au akusamehe. Mimi nilitamani sana nibaki msikitini nilie, nisiende kwenye kile kibaraza. Kulia msikitini ni rahisi kuliko kumtazama usoni uliyemkosea. Kama kuna mtu unamkumbuka wakati huu unaposoma, huyo ndiye.

Na kwa wenye boti, gari la wagonjwa, taa za ulinzi za msikiti au kurunzi yoyote kubwa, chukueni na faida ya dunia. Ikikataa kuwaka, fuateni utaratibu huu:

1. Pima betri ikiwa imetulia, kisha ipime tena swichi ikiwa imewashwa. Ikiporomoka sana, tatizo ni betri au vishikio vyake.
2. Angalia fyuzi. Ikiwa imekatika, tafuta sababu. Usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya, hasa kwenye boti yenye petroli. Huo ni moto unaousubiri.
3. Angalia glopu. Ya halojeni usiishike kioo chake kwa vidole vitupu. Mafuta ya mkono yanaifanya ipasuke ikipata moto.
4. Pima kwenye taa glopu ikiwa imechomekwa na swichi imewashwa. Kama volti zimepotea, fuata waya wa chanya na wa hasi, kiungo kwa kiungo. Usiusahau wa hasi, wengi tunausahau.
5. Kabla ya kugusa au kukata waya, toa kwanza waya wa betri, na hakikisha hapanuki mafuta. Cheche moja inatosha.
6. Kiungo cha baharini kikazwe vizuri au kichomewe, kisha kizibwe maji yasiingie. Tepu peke yake inaificha chumvi tu.

Yule baba alinisamehe, Allah amlipe kheri. Kabla sijaondoka aliniuliza jambo moja tu: "Ile taa imeshatengenezwa?" Nikamwambia, "Imetengenezwa, baba." Akasema, "Basi uwe unaiwasha. Iwashe, usiipime tu."

Tangu siku ile, kila Alhamisi baada ya isha nashuka pwani na kijana wangu. Tunaiwasha kwa dakika tano kamili, tunaimulika baharini, wavuvi wanatuona. Kwenye daftari siandiki tena "nzima". Naandika: "Imewaka dakika tano", na tarehe. Nashuhudia nilichokiona kwa macho yangu, sizidishi. Suratul Israa, aya ya 36, imetukataza kufuata tusilo na elimu nalo, na ikatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Nilikuwa naisoma aya ile miaka yote. Sikuwahi kudhani kuwa na daftari la wavuvi limo.

Na wewe, ni wapi umeandika "nzima" bila kuwasha? Usinijibu mimi hapa. Kaijibu leo usiku, ukiwa peke yako na Mola wako, na kama kuna wa kumpigia simu, mpigie.

Ewe Allah, usitufedheheshe siku tutakapohitajika. Tuonyeshe kutu zetu kungali na muda wa kuzikwangua. Walinde walioko baharini usiku huu, uwarudishe salama kwa watoto wao. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq. Ukiona ina faida, mfikishie na mwenzako.