Safari ya Kilimanjaro, na Habari za Maji ya Kunywa Njiani

Wengi wenu hupeleka vijana matembezini wakati wa likizo, na wengine husafiri kwa miguu mahali pasipo bomba wala kisima. Kwa hiyo tumeona vema kuwaarifu habari za njia ya Marangu katika Mlima Kilimanjaro, na hasa habari za maji yake. Maana mlima ule una maji mengi ya kupendeza macho, na ndiyo sababu watu huyaamini upesi.

Ukitoka Moshi kwa barabara kuu wafika Himo, na hapo waigeukia njia ya kupanda Marangu. Migomba imesongamana pande zote mbili, na mibuni chini yake. Katikati ya mashamba hupita mifereji midogo, nayo Wachaga huiita mifongo. Mifongo hii ni kazi ya zamani. Wazee walikuwa nayo kabla ya mwaka 1848, alipokuja Johannes Rebmann akaiona theluji ya Kibo. Waliufuata mteremko kwa jicho tu, bila chombo cha kupimia, wakayatoa maji mtoni juu na kuyaongoza mpaka migombani, kila ukoo kwa zamu yake. Ni kazi ya kustahili sifa. Lakini maji ya mfongo hupita penye nyumba na mazizi, na watoto huoga humo. Basi anayekaa chini hunywa habari zote za waliokaa juu yake.

Kutoka lango la hifadhi njia huingia msituni, mahali pa ukungu na mbega. Kituo cha kwanza ni Mandara, mita 2,720 juu ya bahari. Cha pili ni Horombo, mita 3,720. Cha tatu ni Kibo, mita 4,720. Ukipita Mandara miti hupungua, yakaja majani makavu na vichaka, na karibu na Horombo yako mimea mirefu ya ajabu yenye shina nene na kichwa cha majani kama kabichi. Vijito huvuka njia mara kwa mara. Maji yake ni baridi, tena ni maangavu hata wahesabu kokoto zilizomo.

Hapo ndipo vijana husema, “Maji haya yatoka thelujini, hayana neno.” Sivyo. Maji mengi ya mlima ule hutokana na mvua na ukungu wa msituni, wala si theluji. Wanyama huyanywa na kuacha mavi kando yake, na kila mwaka watu kwa maelfu hupita njia ile ile. Uangavu ni jambo la macho. Vijidudu vya kuhara havionekani kwa macho. Tena kuhara mlimani si kama kuhara nyumbani. Mtu apandaye hupaswa kunywa lita tatu au zaidi kwa siku; akipoteza maji mwilini, hali kichwa chamwuma kwa ajili ya hewa nyepesi, huwa mzigo wa kubebwa na wenzake.

Kwa sababu hiyo wasafiri huchukua kichujio cha mkononi, ambacho vijana hukiita filta. Aina inayotumika sana siku hizi ni kopo dogo, ndani yake mna mirija mingi myembamba iliyofungwa pamoja. Kuta za mirija hiyo zina vitundu visivyozidi sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Maji hupenya, bakteria wa kipindupindu, wa homa ya matumbo na wa kuhara damu hawapenyi, wala amiba hawapenyi, kwa kuwa miili yao ni mikubwa kuliko vitundu.

Nguvu ya kuchuja maji ilijulikana zamani. Mwaka 1892 kipindupindu kilishika mji wa Hamburg, Ujerumani, kikaua watu zaidi ya 8,000. Mji wa Altona ulikuwa umepakana nao, ukinywa maji ya mto ule ule wa Elbe, tena upande wa chini, maji yakiisha kupokea uchafu wa Hamburg. Hata hivyo Altona ulipata wagonjwa wachache tu. Sababu yake ni kwamba Altona uliyapitisha maji katika matabaka ya mchanga kabla ya kuyagawa, na Hamburg haukufanya hivyo.

Lakini kichujio ni kama mtumishi: asipotunzwa hafanyi kazi. Na ubaya wake ni kwamba kikifa hakisemi.

Sisi tulipanda mwezi wa Julai, waalimu wanne na vijana tisa, pamoja na kiongozi, mzee wa Marangu aliyezoea mlima. Kichujio kilikuwa kimoja, naye kijana mmoja alikabidhiwa kukichunga. Usiku wa Horombo alikiacha barazani, kimefungwa nje ya mfuko wake, kingali na maji ndani. Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa sakitu. Kijana akakipasha kwa mikono, akaanza kuchuja, akafurahi.

“Mzee,” akasema, “leo maji yapita upesi kuliko jana!”

Yule mzee akakitwaa, akakigeuza-geuza. “Mwanangu,” akasema, “hiyo ndiyo dalili mbaya. Kimegandia usiku. Barafu hutanuka, ikapasua mirija. Sasa maji hayachujwi, yapita tu kama mlangoni.”

Kwa nje kilikuwa kizima, hakina hata ufa. Ikatubidi kuchagua: ama kunywa kwa kubahatisha, ama kuchemsha. Kukata kuni katika hifadhi ni marufuku, na gesi tuliyoichukua ilipimwa kwa chakula tu. Huko mbele, kabla ya kufika Kibo, hupita kijito cha mwisho, na maji ya kutumia kituoni Kibo huchukuliwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Basi tukashauriana, tukaona gesi ikitumika kuchemshia maji haitatufikisha juu na kuturudisha. Tukapanda mpaka uwanda ulio kati ya Mawenzi na Kibo, vijana wakakitazama kilele, tukarudi. Wawili walitoka machozi, maana walikuwa wamekingoja kilele kile mwaka mzima. Lakini wote tulishuka kwa miguu yetu wenyewe, wala hapana aliyeumwa tumbo.

Basi tuandike sasa namna ya kukitunza. Kwanza, maji yenye tope yasitiwe moja kwa moja. Yaacheni yatulie katika ndoo, kisha yamiminwe kwa kitambaa safi, ndipo yachujwe. Tope huziba vitundu upesi. Pili, chombo cha maji mabichi na chombo cha maji safi visichanganywe kamwe. Vitieni alama. Tone moja la maji mabichi kwenye mdomo wa chupa laharibu kazi yote. Tatu, maji yakianza kupita polepole, na kila mwisho wa safari, kisafisheni kwa kusukuma maji safi kinyume, kutoka upande wa kunywea, kwa bomba lililouzwa pamoja nacho. Nne, kabla ya kukiweka akiba kioshwe kwa dawa kama alivyoagiza mtengenezaji, kisha kikauke kabisa, kisije kikaota kuvu. Tano, kisiangushwe, wala kisigande. Mahali pa baridi kilale ndani ya blanketi pamoja na mwenye kukichunga. Kikishukiwa kuwa kiligandia, kitupwe.

Wenye vichujio vya udongo wa kuchoma, ambavyo nyumba nyingi huwa navyo, wavisugue kwa brashi laini na maji safi bila sabuni, polepole, na kuvitazama kama vina ufa. Chenye ufa hakitengenezwi, kibadilishwe.

Yafaa pia kujua yale ambayo kichujio cha mkononi hakiwezi. Virusi vingi, kama vile vya homa ya ini, ni vidogo kuliko vitundu vyake. Kwa hiyo maji ya mahali penye watu wengi, kama mfongo upitao kijijini, baada ya kuchujwa yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, na kungojewa nusu saa. Yakiwa ya baridi sana yangojewe zaidi. Au yachemshwe. Bondeni dakika moja ya kutokota yatosha. Juu ya mita 2,000 yatokote dakika tatu kamili, kwa kuwa kule hutokota kabla ya kupata moto wa bondeni: Horombo ni karibu digrii 88, wala si 100.

Jambo jingine tuliliona tuliporudi Arusha kwa njia ya Usa River, chini ya Mlima Meru. Huko watu wengi wana meno ya rangi ya kahawia tangu utoto. Maji yao yana madini ya floridi, yatokayo katika mawe ya volkano, na mahali pengi yapita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Yakizidi mno huharibu hata mifupa. Floridi imeyeyuka majini kama chumvi, nayo chumvi haizuiwi na kitambaa. Basi hupita katika mirija yote. Wala kuchemsha hakuiondoi, bali huizidisha, maana maji hupungua kwa mvuke nayo hubaki. Huko Ngurdoto wataalamu wameitumia dawa ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaoikamata floridi maji yapitapo juu yake. Kila maji yana ugonjwa wake, na kila ugonjwa una kizuizi chake. Mwenye kuuliza wenyeji kwanza hataleta kizuizi kisichofaa.

Basi, ndugu waalimu na wazazi, mnapowatayarisha vijana kwa safari, msitosheke kununua kichujio. Mwekeni mmoja wa kukichunga na mwingine wa kumsaidia, mwafundishe wote wawili nyumbani kabla ya siku ya kuondoka, na muwape gesi ya akiba na dawa ya klorini, isiwe tegemeo lao ni kitu kimoja. Na kila jioni, kabla taa haijazimwa, mkubwa wa safari aulize: “Kichujio kinalala wapi?”