Chini ya Rangi Kulikuwa na Mninga

Zamani, fedha za korosho zikishaingia, mimi nilikuwa mtu wa kopo la rangi. Kabati limechubuka, napaka. Kiti kimepauka, napaka. Mwaka huu bluu, mwaka unaofuata kahawia, mwingine krimu kwa kuwa jirani naye kapaka krimu. Hapa Nandagala, wilayani Ruangwa, wengi ndivyo tunavyoishi: korosho zinakwenda ghalani kupitia chama cha msingi, mnada wa chama kikuu cha RUNALI unafanyika, malipo yanatoka, na baada ya muda mfupi nyumba inapata sura mpya. Mwenye uwezo zaidi anaagiza seti ya sofa kutoka mjini. Nami nilikuwa naingojea zamu yangu ya sofa, ili viti na kabati la marehemu bibi vitolewe uani vikawe kuni.

Leo viti hivyo ndivyo vilivyo sebuleni kwangu, na sofa sijanunua wala siitaki tena. Naeleza kilichonigeuza kwa sababu naamini wapo watu huku Ruangwa na kule Nachingwea wenye mali ndani ya nyumba, nao hawajui kama ni mali.

Mjomba wangu ni fundi seremala Nachingwea, na kwetu sisi Wamwera mjomba akisema neno, mpwa hutega sikio. Alikuja kututembelea, akakigeuza kiti kimoja miguu juu, akaomba kipande cha kioo kilichovunjika na kuanza kukwangua upande wa chini. Ikatoka krimu, ikatoka kahawia, bluu, kijani nisiyoikumbuka, kisha vanishi iliyokwisha kuwa nyeusi. Chini kabisa kukawa na mbao ya hudhurungi yenye wekundu na mistari myeusi, nzuri hata nikanyamaza.

"Mpwa wangu," akasema, "huu mninga. Unaufunika wa nini?"

Mninga naujua tangu utotoni, mti unaotoa utomvu mwekundu ukiukata. Ni wa misitu yetu ya miombo, unakua taratibu mno, na kiini chake mchwa hawakipendi. Siku hizi shina nene linafuatwa mbali, kuvuna kunataka kibali, na kitanda kipya cha mninga ni bei ambayo mkulima mdogo anaisikia kwa watu. Nami nilikuwa nao ndani, umeshalipiwa na wazee wangu.

Mjomba anaamini kiti kile ni cha enzi za mradi wa karanga. Waingereza waliuanza mwaka 1947, Nachingwea ikiwa mojawapo ya sehemu tatu pamoja na Kongwa na Urambo. Wakajenga reli na bandari ya Mtwara, na kufikia 1951 mradi ukawa umekufa. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya 1960. Umri huo wa kiti ulimfanya mjomba awe mkali kwangu, kwa sababu rangi nyingi za miaka ile zilichanganywa na madini ya risasi. Ukizipiga msasa zikiwa kavu, vumbi lake linaingia kifuani na kutua kwenye sakafu anapotambaa mtoto. Ukizichoma kwa moto, unavuta moshi wake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi, hasa akili zao. Basi kwangu rangi ya zamani hukwanguliwa ikiwa imeloweshwa, nje ya nyumba, juu ya turubai, watoto na kuku wakiwa mbali. Mabaki nayafunga kwenye mfuko. Siyatupi shambani wala siyachomi.

Kinachomaliza fedha za watu ni kununua dawa ya kung'olea rangi kabla ya kujua wanachokiondoa. Mimi huanza na pamba yenye spiriti, sehemu iliyojificha. Vanishi ikilainika na kunata, ni ya shelaki, na spiriti na kitambaa vitaimaliza kazi. Isipolegea najaribu tina, kwa kuwa laka ya kupuliza huyeyuka kwa tina. Vyote viwili vikishindwa nashika kipande cha kioo au wembe wa msumeno wa chuma ulionolewa, nakwangua kwa kufuata nyuzi za mbao. Mkono unauma, lakini gharama yake ni muda tu, na kiangazi huku muda tunao.

Wapo wanaotumia kostiki soda ile ya kutengenezea sabuni. Ni rahisi na inang'oa rangi kweli, ila mimi nimeiweka mwisho kabisa. Inaunguza ngozi na macho, na mbao kama mninga na mkongo inazifanya nyeusi. Anayelazimika kuitumia avae glovu, amimine soda kwenye maji na kamwe asimimine maji kwenye soda. Atumie ndoo ya plastiki. Sufuria zetu za alumini soda inazila na kutoa gesi inayoshika moto. Akimaliza asuuze sana, kisha apitishe siki. Kwenye plaiwudi asiithubutu, maana itabanduka.

Kulainisha mwisho, kwenye mbao tupu isiyo na rangi tena, mjomba alinionyesha majani ya mti wa msasa, makavu kidogo, yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Wazee walisugulia nayo mipini na vinyago, na hayana bei. Kisha nta ya nyuki. Naiyeyusha katika kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, naitoa mbali kabisa na jiko, ndipo naongeza tapentaini na kupaka kwa kitambaa. Watu huniuliza kwa nini nisipake mafuta ya ufuta, tunayolima wenyewe. Ufuta haukauki vizuri. Kiti kitanata na kukusanya vumbi.

Tangu hapo fedha za korosho zinapoingia sikimbilii dukani. Zimelipa ada, zimenunua bati. Jirani zangu wameanza kuniletea stuli, meza, na kinu kimoja ambacho mtu alikipaka rangi ya mafuta. Kinu hicho nilimwambia asitwangie tena chakula. Nilikikwangua kikawa pambo.

Kuna kazi nazikataa. Akija mtu na mlango au dirisha la zamani ambalo rangi yake imeshika vizuri, haibanduki popote, namwambia aliache, apake rangi mpya juu yake. Nyumba ikiwa na mama mjamzito au mtoto mchanga, hata rangi iwe inabanduka, kazi naifanyia kwangu uani, nao wanabaki kwao mpaka nimeshafuta kila kitu kwa kitambaa chenye maji.