Sauti Ileile, Mtambo Mwingine

Kwaya moja ya kwetu Pito ilikuwa imerekodi nyimbo tano na kubakiza tatu, ndipo prodyuza wao akahama na kompyuta yake. Hakugombana na mtu. Alipata kazi mbali, basi. Aliacha nyimbo tano kwenye flashi na ujumbe mfupi wa simu: kile kinanda kinachofungua kila wimbo alikitengeneza kwenye Sytrus, sintesaiza iliyomo ndani ya FL Studio. Fedha ya studio ilitokana na mahindi ya wanakwaya wenyewe, kwa hiyo kuanza upya haikuwezekana. Nikaombwa mimi, mwandishi wa habari ninayechezea sauti usiku, niitafute sauti ile kwenye kompyuta yangu. Yangu ina Dexed, programu ya bure.

Utasema: si unanakili namba tu? Namba hazihami, ndugu msomaji. Programu zote mbili zinatumia FM: wimbi moja linalitikisa jingine kwa kasi kubwa, mpaka sikio halisikii tena mtikisiko bali rangi mpya ya sauti. Njia hiyo aliigundua John Chowning mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Stanford. Yamaha wakachukua leseni yake, na mwaka 1983 wakatoa kinanda cha DX7, chenye mawimbi sita kwa kila sauti. Dexed inaiga kinanda hicho. Sytrus nayo ina mawimbi sita, ila kupanda na kushuka kwa sauti unakuchora kwa mkono, kama njia ya mlimani. Kwenye Dexed unaandika kasi nne na viwango vinne, kuanzia 0 hadi 99. Hakuna kipimo cha sekunde popote.

Basi nikakata kipande ambacho kinanda kinalia peke yake, nikakisikiliza kwa mafungu: mwanzo, kati, mkia. Mwanzoni kuna "ti" ndogo, kama ukucha kwenye glasi. Hiyo niliipata kwa wimbi lenye kasi mara 14 ya lile linalosikika, likafa upesi. Katikati pana utulivu wa mviringo. Hapo mawimbi mawili ya kasi sawa yalitosha. Mkia ulikuwa mwangwi. Sytrus ina mwangwi wake humohumo. Dexed haina, nikauongeza kwa programu nyingine.

Mwalimu wa kwaya akaja kusikiliza. Nikampisha apige mwenyewe. Akagusa taratibu, kisha akakandamiza kwa nguvu.

"Inafanana," akasema. "Ila hii haikasiriki."

Neno hilo lilinifaa kuliko kitabu cha maelekezo. Kwenye nyimbo tano za kwanza, kidole laini kilitoa sauti ya mviringo, na kidole kizito kilitoa chuma. Kwenye Dexed kila wimbi lina kipimo cha kuitikia nguvu ya kidole, 0 hadi 7. Nikapandisha cha yale mawimbi yanayotikisa mpaka 5. Akapiga tena. Safari hii hakusema kitu, aliendelea kupiga.

Nilikumbuka Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1969 alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la *Mabepari wa Venisi*. Neno "wafanyabiashara" lilikuwepo, na lingelingana zaidi na la Kiingereza. Yeye alichagua neno lenye makali. Kuhamisha kitu kutoka mtambo hadi mtambo, au lugha hadi lugha, kunakulazimu kwanza useme kitu hicho kinamfanyia nini msikilizaji. Ukishajua hilo, namba utazitafuta.

Tofauti bado ipo. Ukivaa spika za masikioni utaisikia kwenye noti za juu. Nyimbo tatu zimeingia hata hivyo, na kwaya imezipokea. Namba zote nimeziandika kwenye daftari la kwaya, na faili lake dogo liko kwenye flashi ileile. Akihama mtu mwingine, sauti itabaki Pito.