Kinshasa mwezi kwa mwezi: mama wa Lubumbashi asafiri lini?

Kila likizo inapokaribia, kwenye mkutano wetu kuna mama anayeuliza kama Kinshasa kuna joto sana kwa mtoto mdogo. Joto lipo mwaka mzima, na mtu hulizoea. Jambo la kuulizia kabla ya kukata tikiti ni mvua, kwa sababu kalenda yao ya mvua si kama yetu, na hapo ndipo wengi wetu tunadanganyika.

Sisi Lubumbashi tuko juu, karibu mita 1,200. Mvua yetu huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, na ikifika Aprili inaaga. Kinshasa iko chini, kando ya mto, karibu zaidi na ikweta. Huko mvua huanza mwishoni mwa Septemba na kuendelea mpaka katikati ya Mei. Kwa hiyo mama anayeona mbingu ya Lubumbashi imetakata mwezi wa Aprili, akafunga mizigo kwa likizo ya Pasaka, anashuka kwenye ndege na kukuta mvua iko katika nguvu zake.

Aprili tuuseme kwa urefu. Ni kati ya miezi yenye mvua nyingi kabisa Kinshasa, pamoja na Novemba. Mchana joto hufika digrii 32, hewa ni nzito, nguo hazikauki. Kisha, mara nyingi jioni au usiku, upepo unavuma ghafla, mbingu inakuwa nyeusi, na maji yanashuka kama yamemwagwa na ndoo. Saa moja au mbili inatosha kuijaza mifereji, ambayo mingi imezibwa na chupa za plastiki. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Aprili 2025 mto Ndjili ulifurika. Zaidi ya watu 30 walikufa, na barabara kuu ya kwenda uwanja wa ndege ikakatwa na maji. Barabara ile ndiyo wasafiri wote wanaipita. Basi anayesafiri Aprili aache siku mbili za akiba kabla ya tarehe ya kurudi, na asiwaahidi watoto wa nyumbani siku kamili.

Oktoba nao una mtego wake. Kwetu ni mwezi wa joto kali na vumbi, tunaingoja mvua kwa hamu. Kwao imekwisha kuanza. Novemba ni maji tupu. Desemba mvua bado ipo: tarehe 13 Desemba 2022 zaidi ya watu 100 walikufa mafurikoni, na barabara ya Matadi ikakatika upande wa Mont-Ngafula. Kisha kuna mto wenyewe. Mto Kongo hupokea maji toka kaskazini na kusini ya ikweta, na hujaa zaidi Desemba na Januari, hata siku ambazo Kinshasa hainyeshi. Januari 2024 ulipanda karibu kufikia kimo cha mwaka 1961, ambacho wazee wa kule bado wanakizungumzia.

Januari na Februari mvua hupunguka kidogo. Ni nafasi ndogo, nayo haina ahadi. Machi joto linapanda na mvua inarudi.

Sasa miezi mizuri: Juni, Julai, Agosti na nusu ya kwanza ya Septemba. Mvua karibu hakuna. Mama wengi wanawaza kwamba kiangazi cha Kinshasa ni jua kali, kumbe mbingu inafunikwa na mawingu ya kijivu siku nyingi, kwa sababu ya hewa ya ubaridi inayotoka bahari ya Atlantiki. Julai mchana ni kama digrii 27, usiku 18 au 19. Watu wa Kinshasa wanavaa sweta na kulalamika baridi! Sisi tunaojua asubuhi za Julai za Lubumbashi, tunacheka. Ndio wakati wa likizo kubwa za shule, na wa arusi nyingi. Kwa mama mwenye mtoto wa mgongoni, ni miezi hiyo tungemshauri.

Lakini kilio hakichagui mwezi, na biashara vilevile. Anayelazimika kwenda wakati wa mvua, aulize kwanza nyumba atakayofikia iko wapi. Hilo si kumdharau mwenyeji. Kingabwa na sehemu za Masina zilizo karibu na maji hujaa haraka; Ngaliema na Mont-Ngafula ziko juu, lakini huko mmomonyoko unakula vilima na nyumba pamoja. Uliza: mvua ikinyesha usiku, maji yanaingia ndani? Njia inapitika asubuhi? Pikipiki, ambazo kule wanaziita wewa, hupita pengi, lakini si penye maji yasiyoonyesha chini.

Katika mizigo: vikwembe vya pamba, sapato za plastiki, mwamvuli, mfuko wa nailoni wa kuweka vyeti na tikiti. Chandarua kwa kila kitanda cha mtoto, mvua au kiangazi, maana mbu wapo miezi yote. Mtoto akipata homa asingoje kurudi nyumbani. Apelekwe kituo cha afya siku ileile. Maji ya kunywa yachemshwe, zaidi sana baada ya mafuriko.

Na saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Ukipiga simu saa kumi na mbili asubuhi kuuliza hali ya njia, kule ni saa kumi na moja na wenyeji wamelala.