Safari ya Changuu: Tujifunze Kutunza Kobe

Ndugu msomaji, wewe wa Kengeja unajua kufuga. Ng'ombe unawajua, mbuzi unawajua, na kuku pia. Je, umewahi kuwaona watu wanaotunza kobe? Haya, twende pamoja Changuu.

Kutoka Kengeja tunapanda gari mpaka bandari ya Mkoani. Hapo tunapanda meli mpaka Unguja mjini. Kisha tunapanda mashua. Baada ya nusu saa hivi tunafika kisiwani Changuu.

Kobe wa hapa ni wakubwa sana. Dume aliyekomaa aweza kufika kilo 200 na zaidi. Asili yao ni visiwa vya Shelisheli. Mwaka 1919 waliletwa kobe 4, wakiwa zawadi. Walizaana, na kufika mwaka 1955 walikuwa kama 200. Kisha wezi wakaingia. Wengine waliuzwa ng'ambo, wengine waliliwa. Mwaka 1996 walibaki 7 tu! Ndipo Serikali ikajenga ua wa kuwalinda, kwa msaada wa chama cha kimataifa cha kulinda wanyama. Tangu hapo wameongezeka tena.

Waliotunza kobe kwa miaka mingi wamejifunza nini?

Kwanza, mwili wa kobe hautengenezi joto la kutosha kama wa ng'ombe. Asubuhi huota jua. Jua likiwa kali hutafuta kivuli au tope. Basi apate jua, kivuli na maji.

Pili, chakula chake ni majani na matunda. Usimpe wali wala mkate.

Tatu, mayai. Kuku hugeuza mayai yake kila siku. Kobe huyafukia ardhini, akaenda zake. Yai la kobe lisigeuzwe. Mtoto hushikamana na gamba la yai kwa ndani. Ukiligeuza, aweza kufa.

Nne, watoto wa kobe wawe na ua wao peke yao. Gamba lao bado ni laini, na panya huwala.

Tano, ni subira. Kobe huyu huchukua miaka 20 hivi, au zaidi, kabla ya kuanza kuzaa. Aweza kuishi zaidi ya miaka 100. Juu ya magamba yao umri umeandikwa kwa rangi. Wewe uliyejifunza kusoma utausoma mwenyewe.

Ukimgusa kobe, nawa mikono kwa sabuni. Hubeba vijidudu vya kuharisha.

Sasa turudi Kengeja. Kasa wa baharini ni jamaa wa kobe. Naye hufukia mayai yake mchangani. Ukiyaona usiyachimbe wala usiyageuze.

Tena kasa asiliwe. Nyama yake yaweza kuwa na sumu, na moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Mwezi Machi 2024, huko Kisiwa Panza, kusini hii hii ya Pemba, watu 9 walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Kati yao 8 walikuwa watoto.

Kasa akiuawa leo, wa kushika nafasi yake atachukua miaka mingi kukua. Mtoto akifa, harudi. Basi ukimkuta kasa pwani, mwache azae, arudi zake baharini. Na mwambie jirani yako ambaye hajajua kusoma.