Kabla ya Kuandikisha Jina

Kakese niliyokulia ilikuwa na pande mbili, na hakuna mtoto aliyeulizwa anataka upi. Ukizaliwa nyumba ya Mgalu, wewe Mgalu. Ukilelewa kwa Wagika, utakuwa Mgika. Wazee wetu walitoka Usukumani na ng'ombe wao wakifuata malisho na mbuga za mpunga za Mpanda, wakawakuta wenyeji, Wabende, Wakonongo na Wapimbwe. Walikuja na mifugo, majembe ya kukokotwa, na ushindani wao wa ngoma. Inasimuliwa kwamba ulianza karne ya 19 kwa waganga wawili, Gumha na Ngika, kila mmoja akijigamba kuwa dawa yake ndiyo inayovuta watu.

Mpunga ukishavunwa na majaruba kukauka, vikundi viwili vilipangiwa siku moja na uwanja mmoja. Kila kimoja kilipiga ngoma yake wakati uleule, karibu kiasi cha kusikia matusi ya mwenzake. Hakukuwa na mwamuzi. Watazamaji walikimbilia huku, wakahamia kule, na aliyebaki na umati mkubwa jua likizama ndiye mshindi. Kwa hiyo kila manju alibuni kituko chake. Nakumbuka mchezaji mmoja aliyeanguka chali kwenye vumbi akajifanya amekufa. Wenzake wakaangua kilio cha msiba kweli kweli, mpaka watu wa upande wa pili wakaja mbio kuuliza kulikoni. Umati ulipojaa, maiti akaruka juu akaanza kucheza. Siku ile Wagalu walishinda.

Baba alikuwa Mgalu. Baba mdogo, aliyelelewa na wajomba zake, alikuwa Mgika. Siku ya mashindano hawakusalimiana. Kesho yake uliwakuta wanapiga mpunga kwenye turubai moja, wakitaniana. Kuingia kundini kulikuwa na taratibu zake, na dawa ya ngoma iitwayo samba, mambo ambayo sisi watoto hatukuonyeshwa. Tulichokiona ni kwamba mtu akichoka kucheza aliacha, na hakuna aliyemnyima kibarua wala maji ya kunywa.

Baadaye samba ikawa na mpinzani mwingine. Katekista wetu aliikataza, na baba akaacha ngoma ili abatizwe. Huko Bujora, karibu na Mwanza, padri Mkanada David Clement alikuwa ameshafuata njia tofauti: aliyaingiza mashindano yaleyale katika sherehe ya Bulabo, wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Habari hizo Kakese hazikutufikia. Sisi tulipata kwaya, na kwaya ilikuwa na sare, katibu na mweka hazina. Ngoma ilitaka mwili wako uwanjani; kwaya ilitaka sauti, na mchango wa kitambaa.

Mwaka 2009 nilipanda treni ya Mpanda, reli iliyojengwa wakati wa mkoloni kwa ajili ya madini ya risasi, nikabadilisha Tabora, nikashuka Dodoma na tranka langu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilikuwa na miaka miwili tu tangu kifunguliwe, na majengo mengine yalikuwa bado yananuka rangi. Wiki ya kwanza kila mti ulikuwa na tangazo. TAFES walitualika kwenye ibada, TAMSYA waliwaita Waislamu, wagombea wa serikali ya wanafunzi waligawa pipi. Jioni moja akaja kaka wa mwaka wa tatu, mtu wa Sumbawanga, akatukuta chumbani.

"Wadogo zangu, karibuni nyumbani," alisema. "Umoja wa wanafunzi wa Rukwa, mkoa wetu sote hadi Mpanda, unakutana Jumapili. Kiingilio mtatoa bumu likitoka."

Mwenzangu wa chumba, Mpimbwe kutoka Usevya, aliandikisha jina palepale. Mimi nikaomba muda. Bumu, yaani fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, lilikuwa halijatoka, na nilikuwa naishi kwa chai na chapati moja. Lakini fedha haikuwa sababu kubwa. Tulifundishwa tangu shule ya msingi kwamba anayekusanya watu kwa asili yao ana ajenda. Nilijua pia kwamba zamani swali la kujiunga chuoni lilihusu mambo mazito zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na USARF, kundi la wanafunzi wanamapinduzi lililoongozwa na Yoweri Museveni, na serikali ililipiga marufuku mwaka 1970 pamoja na jarida lao, Cheche. Wale walijiunga ili kuikomboa Afrika. Mimi naambiwa nijiunge kwa sababu nimetokea Rukwa?

Nilikaa nje ya umoja muhula mzima, mpaka binti mmoja wa Namanyere alipofiwa na baba yake. Bumu lilikuwa limechelewa na chuo kizima kilikuwa kwenye msoto. Usiku ule katibu alipita chumba kwa chumba na kauntabuku. Kila aliyetoa aliandikwa, hata wa shilingi mia mbili, na asiye na kitu aliandikwa vilevile, mbele ya jina lake neno moja: "yupo". Alfajiri binti akapanda basi na nauli kamili, akisindikizwa na wenzake wawili mpaka stendi. Jumapili iliyofuata nilienda kuandikisha jina.

Sikuishi humo kwa raha kila siku. Kulikuwa na mikutano isiyokwisha, na wakati wa uchaguzi tulihesabiwa kama kura. Kisha Machi 2012 mkoa wa Katavi ukazaliwa rasmi, nasi wa Mpanda, tuliokuwa wachache, tukajikuta tuna mkoa wetu. Kikao cha kugawana fedha za umoja kilichukua saa nyingi kuliko mtihani wowote. Salio lilikuwa dogo kiasi kwamba mtu alipendekeza tulinywee soda tuagane. Tukalinywea soda. Mwenzangu wa Usevya akawa katibu wa umoja mpya wa Katavi, na kauntabuku akanunua mwenyewe.

Mwaka huu mpwa wangu ameanza chuo. Kabla hajapata chumba alikuwa ameshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wa Katavi, hakuna aliyemwuliza. Orodha ya michango inanakiliwa kila siku, jina kwa jina, na alama ya tiki kwa waliolipa kwa simu. Asiyelipa anaonekana. Lile neno "yupo" halimo.

Aliniuliza kama abaki. Ameona kwenye filamu vyama vya wanafunzi wa Marekani vyenye majina ya herufi za Kigiriki, akataka kujua kama vyetu ni vya namna hiyo. Nikamwambia Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe waliposoma Marekani walikuwa wanachama wa kimoja, Phi Beta Sigma. Nikamwambia pia habari za Nigeria, ambako Wole Soyinka na wenzake walianzisha kundi lao Ibadan mwaka 1952 kwa nia ya kupinga majivuno ya kitabaka, na makundi yaliyozuka baadaye yakawa magenge. Julai 1999, wanafunzi kadhaa wa Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo waliuawa na watu wa kundi la namna hiyo. Anayeingia humo hutoka kwa shida, wengine hawatoki kabisa.

"Kwa hiyo nifanyeje, mjomba?"

Nikamwambia mlango wa kuingilia hupambwa siku zote. Aulize kwanza habari za mlango wa kutokea. Asiyechanga anafanywa nini? Aliyeacha akifiwa, nani ataenda? Babu yake alitoka kwa Wagalu akaendelea kupiga mpunga na Mgika.

Kijana akaandika maswali hayo kundini, wazi, bila kuzunguka. Wengine wakamcheka. Mweka hazina akajibu kwamba mchango ukishatolewa haurudi, asiyekuwa nacho aseme, na msiba ni msiba hata kama umetoka kundini. Mpwa wangu akanitumia jibu hilo nilisome.

Akalipa mchango wa nusu mwaka. Mwingine, anasema, atalipa akishawaona wakienda kwenye msiba.